Liko Kwenye Irabu

Asubuhi ile mke wangu alinisuta kwa sababu ya tindo.

Alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha mlango wa uani, kikombe cha chai pembeni, tindo ndogo mkononi. Akaipitisha juu ya ukucha wa kidole gumba, kama alivyozoea. Tindo kali hukwama kwenye ukucha. Butu huteleza. Ile iliteleza.

"Mzee, hii umeinoa au umeikuna mgongo?"

"Nimeinoa."

"Basi kinoo chako kimezeeka kama mwenyewe."

Nikaichukua. Nikamwagia kinoo maji, nikainoa tena. Alinisimamia mpaka nikamaliza. Akaijaribu, ikakwama, akaguna. Mguno ule ndio ulikuwa shukrani yake. Akazifunga tindo zake kwenye kitambaa cheusi, akaniambia chakula cha jana kipo, nikipashe moto, nisikile baridi kama paka wa jirani. Akaenda kazini.

Adhuhuri haijafika, akarudi. Kichwa, alisema. Akapanda kitandani. Hakuamka.

Watu huniuliza alisema nini mwisho. Alisema, "Sogea." Nikasogea.

Mke wangu alikuwa mtia irabu. Siku hizi ukitaja irabu, mtoto wa shule atakuhesabia a, e, i, o, u. Sisemi hizo. Mimi shule sikwenda. Haya machache ninayoandika nimeyapata kwake. Irabu za karakanani kwao ni zile alama ndogo zinazowekwa juu na chini ya herufi, katika maandishi yale yanayotoka kulia kwenda kushoto. Kistari cha juu. Kistari cha chini. Kimkia kilichojikunja. Kiduara. Herufi hukupa mwili wa jina. Irabu huuambia mdomo ufunguke vipi.

Karakana ile huchonga mawe ya makaburi na vibao vya kuweka juu ya milango. Jiwe hupita mikononi. Mmoja hulisawazisha, mmoja huchonga herufi, wa mwisho hutia irabu. Meza ya mwisho, ile ya dirishani, nayo huitwa irabu. Mteja akiuliza jiwe lake limefika wapi, akaambiwa "liko kwenye irabu," ajue kesho aje na gari.

Neno likaota miguu, likatembea. Chakula kikikaribia kuiva, mafundi walisema kiko kwenye irabu. Kijana akishatoa barua ya posa, yuko kwenye irabu. Mjamzito wa mwezi wa mwisho, yuko kwenye irabu, msimwinulishe ndoo.

Walilitumia kwa dharau pia. Mtu asiye na uzito wakamwita irabu. "Nyamaza wewe, irabu, watu wazima wanaongea." Maana kwao irabu ni kitu kinachopanda mgongoni mwa kazi ya mwingine. Mke wangu walimwita Mama Irabu. Wako waliosema kwa heshima, na wako waliosema kwa ile nyingine. Aliitikia wote kwa sauti moja. Mimi ndiye niliyekasirika. Yeye aliniambia, "Hasira zako baki nazo, zitakufaa kunolea."

Aliingia pale kama mfagiaji. Wakati huo tajiri, mwenye karakana, alikuwa baba wa huyu wa sasa, na mtia irabu alikuwa mzee mmoja aliyekuwa akipoteza macho. Mzee alimwita amshikie taa. Baadaye akamwita amwonyeshe kistari kimeishia wapi. Baadaye tena, mzee akawa anamshika mkono tu, na mkono ule ndio uliokuwa ukifanya kazi. Mzee alipofariki, hapakuwa na kikao. Jiwe lililofuata liliwekwa juu ya meza ya dirishani kama kawaida. Yeye alikuwa amesimama pale na ufagio. Akauegemeza ukutani, akakaa.

Hakuna aliyemwambia "wewe sasa ni fundi." Si siku ile, si baadaye.

Mimi nilikuwa mnoa visu, napita mitaani na cherehe yangu ya kunolea. Siku moja karakana ikanipa furushi la tindo. Nikazinoa nilivyojua. Akatoka msichana, vumbi la mawe hadi kwenye kope.

"Wewe ndiye uliyenoa hizi?"

"Ndiye."

"Umezinoa za kuchinjia. Mimi sichinji."

"Unafanya nini?"

"Ingia uone."

Niliingia. Mengine ni yetu.

Alikuwa na desturi moja, na hiyo ndiyo iliyomkera tajiri huyu kijana. Akipewa jiwe la kaburi, alizipanga irabu kwanza kwa mkaa, kidogo kidogo, akipuliza vumbi, akifuta kwa unyoya wa kuku. Kisha akaweka tindo chini. Hakupiga hata moja mpaka mfiwa aje, asimame mbele ya meza, alitaje jina la marehemu kwa mdomo wake. Hakumtaka jirani wala mwenye gari. Alimtaka aliyelala na marehemu chini ya paa moja. Jina alikuwa akilijua, lilikuwa limeshachongwa mbele yake. Alitaka lisikike. Likishasikika, anapiga.

"Mama, hii ni karakana, si matanga," tajiri alimwambia siku moja. "Watu wanajazana hapa kulia. Kazi inalala."

"Na hili ni jiwe la nani? La mbuzi?"

Nilikuwa mlangoni siku hiyo, nimeleta tindo. Tajiri alirudi ofisini, akaufunga mlango kwa nguvu. Mke wangu alikuwa ameshamgeukia mfiwa.

Mtu mwingine wa kumjua ni fundi wa herufi. Wanamwita Kifua, kwa kuwa akitembea kifua humtangulia, yeye hufuata. Fundi kwelikweli, simnyimi haki yake. Lakini mdomo! Wateja wakisifu jiwe, alikuwa akisema, "Mimi ndiye ninayepika. Huyu mama ananyunyiza chumvi tu."

"Kula bila chumvi basi, Kifua," mke wangu alimjibu bila kuinua kichwa, "tuone shavu hilo litabaki wapi."

Walikaa hivyo miaka, huyu mbele, huyu nyuma, wakirushiana maneno. Nyumbani hakumsema vibaya. Alisema tu, "Herufi zake zinaniachia nafasi." Kwake hilo lilikuwa jambo kubwa.

Tukamzika. Tajiri akaja makaburini na viatu vinavyong'aa, akaomba kusema. Akasema karakana imempoteza msaidizi. Msaidizi wetu mpendwa, alisema.

Msaidizi!

Nilimtazama. Alimsaidia nani? Nani alikuwa akitia irabu, yeye akashika taa? Lakini mbele ya kaburi lililo wazi mtu hagombi. Nikameza. Akasema tena kwamba karakana itamchongea jiwe, maana hakuwa mtu baki. Watu wakaitikia kwa vichwa. Hilo nililipokea. Sikutaka pole zao nyingi wala chakula chao. Nilitaka kitu kimoja: jiwe likae kichwani pake, limekamilika, kama alivyokamilisha ya wenzake.

Nikangoja. Udongo ukaanza kushuka, majani yakaota. Nikaenda karakanani. Niliishia mlangoni, ndani sikuweza.

"Kifua, jiwe limefika wapi?"

"Liko kwenye irabu, mzee."

Moyo ukatulia. Nikarudi nyumbani natembea kama mtu aliyetua mzigo. Binti yetu, ambaye hushona nguo barazani kwangu siku hizi ili nisikae peke yangu, akaniuliza wamesemaje.

"Liko kwenye irabu."

Mguu wake ukaacha kukanyaga cherehani.

"Kwenye irabu kwa nani, baba?"

Nilikaa chini. Mdomo wangu mwenyewe ulikuwa umelisema, na kwa furaha. Miaka yote neno lile lilikuwa na maana moja kwangu: liko kwake. Anakuja kula, kisha analimalizia.

"Kwa nani, baba?" aliuliza tena, polepole.

Usingizi haukuja. Kulipokucha nikatia kinoo mfukoni, sijui kwa nini, mazoea, nikaenda. Safari hii sikuishia mlangoni.

Meza yake ilikuwa vilevile. Kigoda chake kifupi chini. Unyoya. Kitambaa cheusi na tindo ndani. Siku ile alipoondoka anaumwa kichwa hakukumbuka kukichukua. Na juu ya meza, jiwe. Herufi zimekaa vizuri, zimesimama. Vumbi limetanda juu. Nalo halikuwa peke yake. Mengine yaliegemezwa miguuni mwa meza, moja nyuma ya jingine, mpaka ukutani. Majina ya watu, yote matupu. Wamechonga, wameleta, wameweka. Wamechonga, wameleta, wameweka. Hakuna aliyesimama akauliza.

"Kifua. Hili limekaa hapa tangu lini?"

Hakugeuka. "Nilipomaliza herufi niliweka."

"Uliweka hapa."

"Ndipo yanapowekwa, mzee."

"Ukamngoja nani?"

Wote wakaacha kugonga. Kifua akaangalia tindo yake kama ndiyo iliyoulizwa.

"Nakuuliza wewe, mwanamume mzima. Ulilichonga jina lake kwa mkono wako. Ukalibeba. Ukaja ukalitua kwenye meza yake. Ili aje alitie irabu yeye? Atoke kule?"

"Mkono ulilipeleka wenyewe," alisema. "Wallahi, mzee, nilikuwa nimeshageuka kurudi ndipo nikajua. Nikashindwa kuliondoa."

Tajiri akatoka ofisini, simu sikioni. Akaikata.

"Shikamoo, mzee."

Sikuitikia. Niliiacha ikaning'inia. Katika umri wangu sijapata kumfanyia mtu hivyo.

"Kuna tatizo, mzee wangu?"

"Jiwe."

"Aa, lile! Mbona limekwisha. Herufi zote zipo. Siku hizi watu hawashughuliki na irabu, mzee, anayejua kusoma atasoma tu. Juzi nimetoa mengine mawili hivyo hivyo, hakuna aliyelalamika. Lichukue. Gari nitakupa."

"Hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

Damu ilinipanda. Mimi si msemaji. Siku ile nilisema.

"Jiwe la baba yako lina irabu au halina?"

"Linazo."

"La mama yako?"

Akatia simu mfukoni.

"Nani alizitia? Ulisimama hapa hapa, ulipo. Kamasi zinakutoka. Ulishindwa kumtaja mama yako, mara ya kwanza, mara ya pili, na mke wangu ameshika tindo anakungoja, hakukuambia kazi inalala. Mji mzima wamelala chini ya mkono wake. Wazuri na wabaya. Wezi tunaowajua wamelala na irabu zao! Yeye peke yake ndiye aende uchi?"

"Usiseme hivyo, mzee."

"Aliyemvua ni nani, mimi?"

"Basi tutatafuta mtu."

"Mtu wa nini? Ulisema makaburini ni msaidizi. Watu wamesikia. Msaidizi akiondoka, mwenye kazi si amebaki? Basi ajitokeze mwenye kazi. Yuko wapi? Nimwone."

Nikatazama huku na huku. Mwenye kusawazisha mawe akainama. Mwenye kupaka rangi akakumbuka ndoo yake nje. Macho mengine yote yakamwendea Kifua.

"Mwenye herufi hashiki irabu," alisema. "Ndivyo ilivyo tangu zamani."

"Kwa nini?"

"Ndivyo ilivyo."

"Kwa kuwa ni kazi ndogo? Si ulisema chumvi? Nyunyiza."

Kifua chake kikashuka, mara ya kwanza kukiona kimeshuka. Akaokota kipande cha jiwe bovu kwenye takataka, akachukua tindo moja ya mke wangu, akapiga. Likaruka pande la ukubwa wa haragwe. Akapiga tena. Palipotakiwa kistari pakawa shimo. Mmoja nyuma akacheka.

"Cheka," Kifua akamwambia, jasho linamtoka, "ukimaliza njoo wewe."

Hakuja.

"Mkono wangu mzito, mzee," alisema kwa sauti ya chini. "Yeye alijua. Ndiyo maana nilikuwa nasema sana."

Sikumhurumia. Ningesema nilimhurumia, ningekuwa mwongo. Nilimwambia, "Unapiga umesimama kama unavunja ukuta. Kaa kwenye kigoda."

"Kifupi hiki."

"Mtaka cha mvunguni huinama. Inama."

Akakaa. Magoti yakamfika masikioni. Siku nyingine ningecheka. Nikamnyang'anya tindo, nikatoa kinoo, nikatafuta maji, nikainoa. Nikaipitisha juu ya ukucha. Ikakwama. Nikamrudishia. Nikamwambia nilichokiona kwa macho yangu nikisimama pale mlangoni: mke wangu nyundo hakuipiga, aliiachia ianguke yenyewe.

Akaharibu kipande kingine, na kingine. Chini ya kigoda pakajaa vigae. Nikanoa, akapiga, nikanoa. Tajiri akachungulia mara moja.

"Kifua, kuna mawe yanakungoja mbele huko."

"Na yangoje," Kifua alimjibu, amempa mgongo. "Yote yako kwenye irabu."

Jua lilipoanza kuingia kwa dirisha la meza ile, kistari kimoja kilitoka kizuri. Kikafuata kingine. Kifua akafuta vumbi juu ya jiwe la mke wangu kwa unyoya. Akazipanga irabu kwa mkaa. Akainua nyundo ndogo.

Akaishusha. Akaweka tindo mezani. Akageuka kwangu.

"Mzee. Mtaje marehemu."

Ghadhabu ikanirudia yote. "Jina si hilo hapo? Umelichonga mwenyewe!"

"Nimelichonga."

"Tajiri wako hataki mambo hayo."

"Hii si meza ya tajiri."

Nikafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Mimi nilimwita mama. Nilimwita wewe. Tukigombana nilimwita mwanamke huyu, na binti anajua. Jina lake lilikuwa la mama yake na la watu wa ofisini. Mimi sikumbuki kulitamka tangu siku ya kumwoa, nilipoulizwa nani, nikajibu. Halikuwa limekwama kwa kusahaulika. Lilikuwa halijawahi kufanya kazi mdomoni mwangu, na leo natakiwa nilitoe, mbele ya wanaume hawa, ili tindo ipigwe na mtu mwingine.

Nilimkasirikia Kifua. Nikalikasirikia jiwe. Nikamkasirikia yeye mwenyewe, kuweka desturi kama ile kisha kuniacha nayo.

Kifua hakunihimiza. Aliangalia meza, kama mke wangu alivyokuwa akiangalia meza, ili mtu asione anatazamwa. Miaka yote ile alikuwa amempa mgongo, kumbe alikuwa akiona.

Nikalitaja.

Nyundo ikaanguka. Kistari cha kwanza kimeinama kidogo, mwenye macho atakiona. Yeye angekiona angeguna, na si mguno wa shukrani. Vingine vimenyooka. Jiwe sasa liko kichwani pake, na yale mengine yaliyokuwa miguuni mwa meza yanatoka, moja moja, Kifua amekaa kwenye kigoda kifupi na wafiwa wanakuja. Tajiri analalamika kazi inalala. Kwenye maneno yake bado mke wangu ni msaidizi. Akinisalimu njiani, sijaitikia, na sidhani nitaitikia.

Binti aliniuliza siku ile nilifunguaje koo. Nilimwambia: kwa maneno ya mama yako. Alikuwa akimwambia kila mwanamume aliyesimama mbele ya ile meza akashindwa, nami niliyasikia mara nyingi, nikiwa mlangoni na tindo zake mkononi:

"Litaje, baba, halikuumi. Mimi nina tindo, wewe una mdomo. Kila mtu afanye kazi yake."